Mchanga wa Ukuta

Mbegu zilikuja ndani ya bahasha ya dawa,
vumbi la kahawia lisilojaa kijiko.
Ni mabaki ya Sista Godeliva, aliyehama Muhungu
akaniachia pia jembe lisilo na mpini
na agizo moja: Usizifukie, Nsimire,
hizi zinataka kuuona mwanga.

Nilizimwaga Septemba juu ya udongo laini,
nikazigandamiza tu kwa kiganja
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Siku kumi, hakuna. Siku kumi na nane, hakuna.
Cibalonza, wa ng'ambo ya ukingo, akauliza
kama nimepanda sala.
Siku ya ishirini na mbili nilipiga magoti
nikaona uzi wa kijani, halafu mwingine,
nikanyamaza, nisije nikaushtua.

Kilima chetu hukimbia.
Mvua ya Novemba hubeba tuta la juu
na kulipeleka kwa jirani wa chini, naye hashukuru.
Nikapanga mawe. Nikatandaza majani ya migomba.
Nikabeba samadi ya sungura kwa beseni,
na maji, maji, maana seleri hii ya kichwa ni mlevi:
ukiinyima siku mbili
hukulipa mzizi mgumu kama kisigino.

Kila Jumamosi nilikata majani ya chini, yale yaliyolala,
nikafukua udongo shingoni ili bega lipumue.
Majani yaliingia kwenye supu ya sambaza.
Bega lilinenepa bila haraka ya mtu yeyote.
Miezi minane:
mwezi mmoja pungufu ya mtoto.

Mei nikang'oa thelathini na moja.
Mungu wangu, sura!
Ndevu, chunusi, makunjo
mahali pasipo hata na uso.
Nilipeleka vinne Nyawera.
Mama wa karoti akageuza kimoja, akakinusa:
"Harufu ni ya seleri. Mwili ni wa nani?"
Hakuna aliyetoa hata franka mia tano.
Nikapanda mlima navyo,
vikinigonga mgongoni kama magoti.

Sasa niutaje mchanga.
Nyuma ya nyumba kuna lundo chini ya bati,
nusu fuso, mchanga wa Ruzizi.
Mugisho aliununua kwa ukuta wa jiko.
Alijenga mistari mitatu ya matofali,
wa nne akauanza kwa tofali moja.
Tofali hilo lipo bado, peke yake.
Miaka minne. Paka wanalijua lundo kuliko mimi.

Nilivuta kasha lake la kazi,
nikatoa mwiko, nikatoa timazi na uzi wake.
Nikachekecha mchanga, nikaunyunyizia maji,
kidogo: ukiubana ushikane, ukiuachia umeguke.
Nilikata majani, nikaacha moyo mdogo katikati.
Sikuosha. Anayeosha anaualika uozo.
Tabaka la mchanga, tabaka la vichwa, visigusane,
tabaka la mchanga.
Hivyo ndivyo alivyolaza matofali:
viungo visikutane, alisema, vikikutana ufa umepata njia.

Juni umeme ukaenda. Julai bomba likakohoa, likanyamaza.
Bustani ikawa rangi ya gunia.
Mimi naingiza mkono kwenye ubaridi,
hadi kiwiko, napapasa, nakutana na kichwa.
Namenya kwa kisu kikubwa, maganda manene;
ndani ni cheupe kuliko nilivyotarajia kila mara.
Naponda na viazi, chumvi, tone la mawese.
Cibalonza amekula mara tatu
na bado anasema hapendi.

Jana alikaa jikoni, upepo ukimpulizia majivu usoni.
"Ukuta huu utaujenga lini?"
Nikahesabu kwa vidole ndani ya mchanga.
"Vimebaki saba."

Kimoja kimechipua gizani:
jani jembamba, jeupe kama uzi wa timazi,
limepinda kutafuta pa kutokea.
Hicho sikukipika.
Nimekitia kwenye kopo la maziwa,
nikaliweka juu ya ukuta,
mstari wa nne, kando ya tofali.